Jina Lililopanda Basi

Mvua ilikuwa inanyesha Chome, kwenye milima ya Upare, tangu juzi. Ukungu ulishuka kutoka msitu wa Shengena, ukafunika migomba na njia. Dorkas alikaa jikoni akipukuchua maharage. Sufuria ya makande ilichemka polepole juu ya mafiga. Watoto walikuwa shuleni.

Mumewe, Asheri, hakuwepo. Asheri ni fundi mwashi, na alipata kazi ya kujenga nyumba Kibaha. Siku iliyotangulia aliteremka Same, akalala kwa binamu yake. Alfajiri ile alikuwa apande basi la Dar es Salaam. Tiketi alikuwa ameshaikata kwa simu, na ujumbe alimwonyesha mkewe kabla ya kuondoka.

Dorkas alisikia mtu anakuja mbio kwenye matope. Alikuwa Wilbard, jirani yao mwenye duka. Alisimama mlangoni bila mwavuli, maji yakimchuruzika usoni.

"Mama Eliakimu," alisema, "Asheri kapanda gari gani?"

Dorkas alimtajia jina la basi. Wilbard alitazama chini.

"Kuna nini, Wilbard?"

"Redio imesema basi hilo limeanguka. Mbele kidogo baada ya Mkomazi. Huko nako mvua ilinyesha usiku, barabara ilikuwa na utelezi."

"Limeanguka vipi?"

"Limepinduka. Wamesema majeruhi ni wengi." Alijipangusa maji usoni. "Na kuna mtu amefariki."

Maharage yalimwagika kutoka mapajani mwa Dorkas. Hakuyaokota. Alichukua simu yake, akapiga namba ya Asheri. Sauti ya mwanamke ikamjibu kwamba namba hiyo haipatikani. Akapiga tena. Sauti ikarudia maneno yale yale. Alipojaribu mara ya tatu, akabonyeza namba isiyo yenyewe.

"Nipe nikupigie," alisema Wilbard.

Naye alipiga. Haikupatikana.

*

Rodrick, mdogo wake Asheri, alitafuta gari. Walimpata Lukasi, ambaye gari lake hubeba abiria kutoka Chome hadi Same. Barabara ilikuwa mbaya. Mara mbili gari liliteleza kuelekea korongoni, na abiria wote wakashika viti. Dorkas hakuliogopa korongo. Aliogopa kufika.

Kila walipokutana na gari linalopanda, alimtazama dereva wake usoni. Alitaka kuona kama yule mtu anajua jambo ambalo yeye hajaambiwa.

"Shemeji," alisema Rodrick, "kaka ni mzima. Simu tu ndiyo imezima."

"Kwa nini izime leo?"

Rodrick akaipiga tena namba ya kaka yake.

Huko chini hakukuwa na mvua. Same ilikuwa kavu na jua kali, kama nchi nyingine kabisa. Stendi, watu walijaa mbele ya dirisha la tiketi la kampuni ya basi. Mama mmoja alikuwa amekaa chini, kitenge kimemfunika kichwa, analia bila sauti. Dorkas alipita kando yake bila kumtazama. Aliona kwamba akimtazama, na yeye ataanguka.

Dirishani alikuwepo msichana mwenye ushungi wa buluu. Jina lake Mwanaasha. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti yake ilikuwa tulivu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Namtafuta mume wangu. Asheri Mgonja."

Mwanaasha alitazama kwenye mashine. Dorkas alishika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili.

"Yumo, mama. Siti ya dirishani, upande wa dereva." Mwanaasha alichukua simu, akaongea na mwenzake aliyekuwa hospitali. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Yuko hai. Amelazwa. Ameumia kichwa, na bado hajazungumza. Wamemtambua kwa tiketi iliyokuwa mfukoni mwake."

"Mbona hamkunipigia?"

"Tulipiga, mama. Mtu akikata tiketi tunaomba namba yake na namba ya ndugu wa karibu. Ya ndugu ni hii hapa. Tumeipiga tangu asubuhi, haipatikani."

Alimsomea ile namba. Rodrick aliifahamu kabla haijaisha.

"Hiyo ni ya kaka mwenyewe," alisema. "Ameandika namba yake mara mbili."

Mwanaasha alitikisa kichwa kwa huzuni. "Wengi hufanya hivyo. Wanaona ni usumbufu." Kisha akasema, "Kuna gari letu linapeleka ndugu hospitali sasa hivi. Pandeni. Nawapa na namba yangu. Mkikwama, nipigieni."

*

Walipita pale ambapo basi lilianguka. Lilikuwa limelala kwa ubavu mtaroni, karibu na shamba la mkonge. Vioo vilitapakaa barabarani. Begi moja lilikuwa limeachwa kwenye majani, zipu imefunguka. Mwanamke aliyekaa mbele aliuliza begi lile ni la nani. Dorkas alifumba macho, akawa anasali kwa Kipare, maneno aliyofundishwa na mama yake.

Hospitali walipokelewa na muuguzi aitwaye Devotha. Alikuwa mtu mzima, na alitembea haraka.

"Wewe ndiye mke wa Asheri?"

"Ndiye mimi."

"Karibu mama. Tunamwita tangu asubuhi. Asheri, Asheri. Haitiki. Hata jicho hafungui. Labda akisikia sauti yako."

Wodi ilikuwa ndefu. Mgonjwa alilala kitanda cha mwisho, bandeji imemfunika kichwa na nusu ya uso. Midomo ilikuwa imevimba. Dorkas alisogea hadi kitandani. Alitaka kumgusa, lakini aliogopa kumuumiza. Basi akaanzia miguuni, akafunua shuka kidogo.

Alisimama pale akitazama.

Asheri amefanya kazi ya saruji miaka mingi. Nyayo zake zimepasuka, na kucha ya kidole gumba cha kulia ilishatoka ikaota imepinda. Dorkas huipaka mafuta yeye mwenyewe. Mguu huu ulikuwa mwembamba. Kucha zake zote zilikuwa nzima.

"Huyu siye," alisema.

"Mama, amevimba sana. Ndiyo maana unamwona tofauti."

"Siye. Huyu si mume wangu."

Devotha alimtazama Rodrick. Rodrick alisogea, akamwinamia mgonjwa, akatazama sikio na shingo. Akatikisa kichwa.

"Siye kaka."

Devotha alikuwa ameshika sinia lenye bomba la sindano. Aliliweka chini taratibu. "Kama siye Asheri," alisema, "basi huyu ni nani? Mfukoni alikuwa na tiketi tu."

Lakini Dorkas hakuwa anamfikiria yule mtu. Alikuwa anafikiria jambo jingine. Tiketi ya Asheri imo mfukoni mwa mtu mwingine. Na Asheri mwenyewe yuko wapi?

Devotha naye alifika hapo hapo. Alishusha sauti.

"Mama, majeruhi wote wengine wametambuliwa na ndugu zao. Lakini yule aliyefariki bado hajapata mwenyewe. Ni mwanamume. Inabidi mmoja wenu aende kumtazama."

Dorkas alitaka kusema atakwenda yeye. Lakini Rodrick alimshika bega, akamkalisha kwenye benchi la nje, akamfuata muuguzi kwenye njia ndefu inayoelekea nyuma ya hospitali.

Dorkas alibaki peke yake. Alimwona mtu anafagia. Aliona kuku anakunywa maji kwenye dimbwi. Alishangaa kuona mambo haya yanaendelea. Aliwafikiria watoto, ambao sasa wametoka shule na wamekuta maharage yametapakaa jikoni. Atawaambia nini? Ataanza na neno gani?

Simu ikaita mkononi mwake. Namba ilikuwa ngeni.

Aliiogopa. Aliona kwamba huyu ni mtu anayetaka kumpa habari mbaya. Aliiacha ikaita hadi ikakata. Ikaita tena. Akabonyeza, akaiweka sikioni bila kusema kitu.

"Dorkas? Dorkas, ni mimi."

Alibana simu sikioni.

"Dorkas, unanisikia? Niko Msangeni, kwa fundi Paschal. Simu yangu imeisha chaji na huku umeme umekatika. Hii ni simu ya jirani yake. Nimesikia sasa hivi kwamba lile basi limeanguka. Mimi sikupanda. Unanisikia? Sikupanda."

Dorkas alilia. Alilia mpaka Rodrick aliporudi mbio, uso umebadilika, akisema kwa mbali, "Siye, shemeji, siye." Hapo Rodrick akaona simu iko sikioni mwa shemeji yake, akaelewa, akakaa chini sakafuni.

*

Asheri alieleza mambo yote kwenye simu.

Alfajiri, stendi ya Same, mtu mmoja alimfuata. Basi lilikuwa limejaa, naye alikosa nafasi. Binti yake alikuwa amejifungua kwa upasuaji Dar es Salaam, na hali yake si nzuri. Asheri alimwonea huruma. Kazi ya Kibaha ingeweza kungoja siku moja. Akamwachia tiketi yake ya karatasi, aliyokuwa ameshachapiwa dirishani, naye yule mtu akamrudishia nauli. Asheri akaona siku ile aitumie kwenda Msangeni kumsalimia fundi Paschal, aliyemfundisha uashi, halafu asafiri kesho yake.

"Mbona hukumwambia wa dirishani abadilishe jina?" aliuliza Rodrick, ambaye sasa ndiye aliyeshika simu.

"Palikuwa na watu wengi. Na mimi hizi tiketi za mashine naona ni shida. Nilijua wakianza kubadilisha, gari litamwacha."

"Na nyumbani mbona hukusema?"

"Nilijiambia nitapiga nikifika Msangeni. Chaji ikaisha njiani."

Devotha aliomba simu. "Baba, huyo mtu anaitwa nani?"

"Sikumuuliza," alisema Asheri. "Alisema anatoka Kwakoa. Ni fundi wa pampu za maji. Zaidi ya hapo sijui."

Devotha alimrudishia Dorkas simu. Akaeleza kwa nini ana haraka. Daktari aliandika mgonjwa achomwe penisilini, kwa sababu vidonda vyake vilikuwa na uchafu mwingi. Lakini kuna watu ambao dawa hiyo huwadhuru vibaya. Mgonjwa mwenyewe haongei. Walikuwa wanamngoja ndugu wa Asheri aje aseme kama Asheri ana shida na dawa yoyote.

"Ungesema hana shida ningemchoma," alisema Devotha. "Na wewe ungekuwa unasema kweli, kwa sababu ungekuwa unamsemea mume wako."

Dorkas alitazama ndani, kitanda cha mwisho. Woga uliokuwa umemtoka ulimrudia kwa njia nyingine. Mahali fulani kuna mwanamke anapika, au anafua, naye hana habari. Hakuna aliyempigia. Hakuna atakayempigia, kwa sababu kwenye mashine mume wake hayumo.

Akampigia Mwanaasha.

"Fundi pampu wa Kwakoa," Mwanaasha alirudia. "Ngoja mama. Shangazi yangu ameolewa huko. Usikate tamaa, nakupigia."

Walingoja. Jua liligeuka, kivuli cha wodi kikafika kwenye benchi. Devotha alitoka mara kwa mara, akitazama simu ya Dorkas, kisha akarudi ndani. Mapigo ya moyo ya yule mtu yalikuwa yanaenda mbio, na homa ilianza kupanda.

Simu ilipoita, alikuwa mwanamke mwingine. Alizungumza kwa shida, kama mtu aliyekimbia.

"Naitwa Sumaiya. Nimeambiwa kuna mgonjwa hapo. Mume wangu ametoka usiku wa kuamkia leo kwenda Dar. Anaitwa Abdulrahmani. Fundi wa pampu."

"Dada," alisema Dorkas, "ana alama yoyote?"

"Ana kovu mkono wa kushoto. Liko juu ya kiwiko. Pampu ilimkata."

Devotha, aliyekuwa anasikiliza kando, alikimbilia kitandani, na Dorkas akamfuata. Alikunja mkono wa shati. Kovu lilikuwepo.

"Ndiye," Dorkas alisema kwenye simu. "Yuko hai, dada. Yuko hai. Muuguzi anauliza, kuna dawa inayomdhuru?"

"Penisilini," alisema Sumaiya bila kufikiri. "Msimchome hiyo. Mwaka juzi alichomwa Mwanga, akavimba koo, akashindwa kupumua. Tulidhani amekufa."

Devotha alisikia. Alichukua lile sinia, akalipeleka mbali na kitanda kile. Daktari aliitwa, akaandika dawa nyingine. Kisha muuguzi akamwomba Dorkas aisogeze simu sikioni mwa mgonjwa.

"Muite," alisema.

"Baba Isihaka," Sumaiya aliita. "Abdulrahmani. Ni mimi."

Siku nzima aliitwa kwa jina lisilo lake na hakuitika. Sasa vidole vyake vilisogea juu ya shuka. Jicho lisilofunikwa na bandeji likafunguka kidogo.

*

Abdulrahmani alilazwa wiki nyingi, lakini alipona. Binti yake pia alipona. Yule aliyefariki alitambuliwa na ndugu zake jioni ile. Sumaiya alipofika hospitali siku ile hakumlaumu Dorkas, wala hakumlaumu Asheri. Alimshika Dorkas mikono tu, wakakaa pamoja. Asheri angeona afadhali alaumiwe.

Siku chache baadaye Asheri alikwenda mwenyewe kwenye dirisha la tiketi. Dorkas alikuwa naye. Alimwambia Mwanaasha kila kitu, na hakujitetea.

"Baba, huruma yako haikuwa na kosa," alisema Mwanaasha. "Siti ungeweza kumwachia. Jina lako ndilo usingemwachia. Tiketi ndiyo inayotuambia nani yuko ndani ya gari. Likitokea jambo, hospitali wanaitazama, polisi wanaitazama, na watu wa bima wanaitazama. Mke wa yule fundi wa pampu mpaka leo anahangaika kuthibitisha kwamba mumewe alikuwemo."

"Niliona foleni," alisema Asheri. "Nikaogopa mashine itachelewesha gari."

"Njoo uone."

Aliwazungushia kioo cha mashine. Akaandika namba ya tiketi. Likatokea jina. Akalifuta, akaandika jingine, akaandika namba ya simu ya abiria, kisha namba ya ndugu. Mashine ikatoa karatasi. Ilichukua muda wa mtu kufunga kamba za viatu.

"Ni hivyo tu?" aliuliza Dorkas.

"Hapa kwetu ni hivyo tu, mama. Ila lazima uje kabla gari halijaondoka. Na hata sisi tulikosea. Kondakta alitazama namba ya siti, hakuuliza jina. Sasa anauliza. Abiria asiyeulizwa jina lake amwambie mwenyewe."

"Na mtu asiyejua kutumia simu?"

"Anakuja dirishani, anataja jina lake, anasomewa kilichoandikwa. Akisikia kosa, anasema palepale. Mtu asione haya kuuliza."

Asheri alikata tiketi nyingine ya kwenda Kibaha. Mwanaasha alipouliza namba ya ndugu, Asheri alifungua mdomo, akasita. Akamgeukia mkewe. Dorkas akaitaja namba yake mwenyewe, polepole, tarakimu moja moja. Kisha akaomba asomewe. Ilikuwa sahihi.

Kibaha Asheri alikaa mwezi mzima. Kabla ya kurudi alimpigia Dorkas, akamwambia basi na siku. Usiku wa kuamkia siku ile mvua kubwa ilinyesha tena milimani. Dorkas alikuwa shambani akivuna tangawizi na Asteria, mke wa Wilbard. Mchana, Asteria alipokea simu, akaongea kidogo, akabadilika uso.

"Mama Eliakimu, wanasema kuna gari la Dar limepata shida njiani, karibu na Korogwe."

Jembe lilisimama mkononi mwa Dorkas. Kabla hajauliza neno, simu yake ikaita mfukoni mwa koti. Namba ilikuwa ngeni. Safari hii aliipokea mara moja.

"Mama Dorkas? Tunapiga kutoka ofisi ya basi. Wewe ndiye ndugu wa abiria Asheri Mgonja?"

"Ndiye mimi."

"Usiogope mama. Gari limeharibika injini, limesimama. Hakuna aliyeumia. Abiria wote tumewaita majina, na mume wako ameitika. Gari jingine linawafuata. Watachelewa kufika Same, ila watafika."

"Ameitika mwenyewe?"

"Ameitika mwenyewe, mama. Kondakta anasema yuko pembeni yake, anakunywa chai."

Dorkas alishukuru. Alimwambia Asteria alichoambiwa. Aliegemea jembe kwa muda. Kisha akafuta udongo kwenye simu, akairudisha mfukoni, na wote wawili wakaendelea kuvuna.